Nyuki Seremala Kwenye Mbao za Nyumba: Namna ya Kuwaondoa Wasirudi

Unga wa mbao ukimwagika barazani mahali palipofagiliwa jana, tazama juu kabla hujashika ufagio. Kama ni nyuki seremala, utaona tundu la mviringo lenye kingo safi kama lililotobolewa kwa keekee, upana wake milimita 12 hadi 15, kiasi cha ncha ya kidole cha mwisho kuingia. Mara nyingi liko upande wa chini wa mbao au ubavuni, pale jua na mvua havipigi sana. Chini yake, ukutani, kuna michirizi ya manjano iliyokolea. Hicho ni kinyesi chake, na kwenye ukuta wa chokaa hakitoki kwa urahisi. Ukitega sikio karibu na mbao utasikia mkwaruzo wa meno yake hata kama humwoni.

Usimchanganye na wengine, maana dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mchwa hujenga njia za udongo ukutani na kwenye nguzo. Vidudu vinavyobungua vitanda na makabati huacha vitundu vidogo vya kupita sindano, vingi pamoja, na unga laini kama poda. Na ukiona nyuki kumi au ishirini wanaingia na kutoka kwenye mwanya mmoja, hao ni nyuki wa asali: usiwaguse, mwite mfugaji nyuki awahamishe. Nyuki seremala huingia mmoja mmoja.

Pwani yetu ya Lamu ina aina kadhaa za nyuki hawa. Mmojawapo ni Xylocopa caffra: jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya manjano au nyeupe mgongoni, na dume ni wa manjano mwili mzima. Anayekuvamia usoni ukipita barazani, anasimama hewani mbele yako na kukuvumia, karibu kila mara ni dume. Analinda mahali pake, lakini hana mwiba kabisa. Jike ndiye mwenye mwiba, naye haumi ovyo. Humpata anayemshika, anayemkanyaga peku, au anayetia kidole kwenye tundu.

Anachofanya ndani ya mbao

Nyuki huyu hali mbao kama chakula. Anaitafuna na kuutupa unga nje, ili apate nyumba. Huingia moja kwa moja sentimita mbili tatu, kisha hukata kona na kufuata nyuzi za mbao, upande mmoja au pande zote mbili, sentimita 10 hadi 30 na zaidi. Ndani ya njia hiyo huweka donge la chavua na nekta, hutaga yai moja juu yake, huziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na mate, halafu huanza kijumba kingine mbele yake. Watoto wakishakua hukaa humo humo kwa muda kabla ya kutoka, na mabinti wengi huchagua kuirefusha njia ya mama yao badala ya kuanza upya.

Ukiyaelewa hayo utajua kwa nini watu wanahangaika bure. Dawa ya mchwa iliyopakwa juu ya mbao haimsumbui sana kwa sababu haimezi mbao. Maji ya mwarobaini vivyo hivyo: mwarobaini hufanya kazi zaidi kwa mdudu anayekula kile kilichopakwa. Dawa ya kupuliza ya kopo huishia mdomoni mwa tundu, haifiki kwenye kona. Na anayeziba tundu mchana kwa pati laini anakuta limezibuliwa, au pembeni yake pametobolewa tundu jipya, kwa sababu aliwafungia ndani nyuki wazima wenye meno ya kazi hiyo hiyo.

Kuna kosa jingine kubwa kuliko hayo yote, nalo ni kupigana na nyuki na kuiacha mbao ilivyo. Mbao tupu, kavu, isiyo na rangi ndiyo inayomwita. Ukiua watano leo na mbao ikabaki tupu, wa sita atakuja, maana tundu la zamani lina harufu ya nyuki na kazi ya kutoboa imeshafanywa.

Mbao ipi iko hatarini

Hupenda mbao laini: paini, msaiprasi, mwembe, na mianzi mikavu. Mbambakofi, mvule na msaji humshinda zaidi, ingawa zikichakaa juani miaka mingi bila kupakwa kitu naye hujaribu. Boriti za mikoko zilizomo ndani ya dari ya nyumba ya mawe hazina shida kubwa; zinazofaa kukaguliwa ni ncha zilizotokeza nje, nguzo za baraza, vibanda vya kivuli vya juu ya paa, fremu za madirisha, ngazi za nje, na mbao za paini zilizoongezwa nyumba ilipokarabatiwa. Katika banda la makuti kagua makombamoyo (miti mirefu inayoinuka na paa) na mwamba (mti wa kulala unaobeba paa) kwa tochi, ukianzia upande usiopigwa na upepo.

Pima hasara kabla ya kununua chochote. Chukua waya laini wa kufungia nondo, ukunje ncha yake kidogo, uingize taratibu kwenye tundu mpaka ukwame, kisha ujaribu kuuelekeza kushoto na kulia. Spoku ya baiskeli haifai, haikati kona. Weka alama ya chaki kwenye mbao pale njia inapoishia. Gonga kwa mpini wa nyundo: penye njia nyingi sauti hubadilika ikawa ya kitu kitupu. Mbao ya inchi 2 kwa 4 yenye tundu moja au mawili inatibika. Ikiwa njia mbili zimepita sambamba mahali pamoja, kila moja ikiwa na upana wa karibu sentimita moja na nusu, basi ndani ya unene wa sentimita tano haikubaki nyama ya kutosha kubeba uzito. Hiyo ibadilishwe, au ipigiliwe nyingine nzima ubavuni mwake kabla mtu hajapanda juu.

Vitu vya kuandaa

Kwa matundu kama kumi, mambo haya yanatosha: dawa ya unga yenye permethrini au deltamethrini, gramu 100, chupa tupu kavu ya sosi yenye mdomo mwembamba, wavu au waya wa kusugulia sufuria usiopata kutu (wa shaba au wa chuma cha pua), gundi nyeupe ya mbao, nusu lita, masalio ya mbao ngumu kwa ajili ya vizibo, msasa namba 80 na namba 120, rangi ya kwanza na rangi ya mafuta, glavu, miwani na barakoa.

Waya wa kawaida wa kusugulia sufuria usinunue kwa kazi hii. Kwa hewa ya chumvi ya Lamu unapata kutu haraka, unavimba na kusukuma kizibo nje, na kutu inachuruzika ukutani.

Dawa inunuliwe kwenye duka la pembejeo, ikiwa kwenye pakiti yake, na lebo iwe na namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, inayoanza na herufi PCPB. Unga unaouzwa kwa kupimwa na kufungwa kwenye karatasi, usiojulikana ni nini, usiuingize nyumbani.

Tena kuna jambo la paka, na mji wetu umejaa paka. Permethrini ni sumu kali kwao. Mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mbwa au binadamu, na kiasi kidogo anachokilamba kwenye manyoya chaweza kumtia mtetemeko na kumwua. Deltamethrini ni ya ukoo huo huo. Tandaza gazeti au turubai chini ya kila tundu, kusanya kila unga ulioanguka, na wafungie paka nje ya eneo mpaka umalize. Funika pia jabia au birika la maji na funga mifereji inayolipeleka maji ya mvua. Vyombo visioshwe baharini wala kwenye mkono wa bahari, kwa sababu dawa hizi huua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Kutia dawa

Fanya kazi hii usiku, baada ya isha, siku isiyo na mvua wala upepo mkali. Mchana jike yuko nje akitafuta chavua. Usiku wote wamo ndani na wametulia. Tochi itundike kando, isiwe mkononi wala kichwani, kwani anayetoka huifuata taa.

Jaza chupa ya sosi robo tu, ili kuwe na hewa ya kusukuma unga. Zungushia shingo yake kitambaa ili kizibe nafasi kati ya chupa na tundu, ingiza mdomo wa chupa, na uminye mara tatu nne. Kila tundu linahitaji kiasi cha nusu kijiko cha chai. Ukitia zaidi unaziba njia, na nyuki anaweza kulisukuma donge zima nje bila kujipaka vya kutosha. Unga hufanya kazi kwa sababu unashika kwenye manyoya yake anapopita. Ukilowa hugandamana na kuwa hauna maana, ndiyo sababu mbao lazima iwe kavu. Chupa iandikwe SUMU kwa wino usiofutika, wala isirudi jikoni kamwe.

Halafu acha tundu wazi. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Watoto walio kwenye vijumba wamekingwa na kuta za unga wa mbao, dawa haiwafikii mpaka watakapotoka na kupita juu yake. Kutoka yai mpaka nyuki kamili huchukua wiki kadhaa, na kwa kuwa kwetu hakuna majira ya baridi, katika nyumba moja unaweza kukuta yai, funza na mkubwa kwa wakati mmoja. Rudia dawa baada ya wiki mbili. Subiri jumla ya wiki sita. Ili ujue kama kuna anayepita, bandika kipande cha karatasi nyembamba juu ya tundu kwa gundi kidogo ya unga wa ngano: kikitoboka, bado wamo. Karatasi ikikaa nzima siku saba mfululizo, funga.

Usitumie petroli, mafuta ya taa wala moshi. Mvuke wa petroli uliojaa kwenye mbao chini ya makuti unangoja cheche moja, na makuti yakishika moto hayazimiki kwa ndoo. Oili chafu ya gari nayo inanuka, inachafua kuta na nguo, inazuia rangi isishike baadaye.

Kama hutaki kuua

Inawezekana, hasa tundu likiwa jipya na jike bado hajataga. Tazama unga: ukiwa mweupe na unamwagika kila siku, bado anachimba. Mngoje atoke asubuhi jua likishapanda, hakikisha kwa waya kwamba njia ni tupu, kisha ziba mara moja kwa wavu na kizibo kama inavyoelezwa hapa chini. Siku mbili tatu atazunguka akitafuta mlango wake. Katika siku hizo pulizia mbao zilizo jirani maji ya maganda ya ndimu au machungwa: chemsha maganda ya matunda kumi kwenye lita moja ya maji kwa dakika 15, yaache yapoe, chuja. Inasemekana harufu hiyo humkera, lakini haidumu. Rudia kila siku ya pili na baada ya kila mvua. Ni msaada wa muda mpaka rangi ipakwe, si zaidi ya hapo.

Kuziba

Chonga vizibo kutoka masalio ya mkandaa au mbambakofi, virefu sentimita tatu, vinene kidogo kuliko tundu na vyembamba upande mmoja. Safisha mdomo wa tundu kwa kisu. Sukuma wavu uliosokotwa mpaka kwenye kona, ujae sawasawa. Huo ndio unaomzuia anayejaribu kutoka au kuingia, kwa sababu meno yake hayakati chuma. Paka gundi kwenye kizibo pande zote, kipige kwa nyundo ya mbao mpaka kikaze, acha kikauke siku nzima, kata kilichozidi na lainisha kwa msasa. Mwanya uliobaki pembeni jaza kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi mpaka uwe mzito kama ugali mgumu.

Pati pekee, silikoni, au povu la kupuliza havimzuii. Vyote hivyo ni laini kuliko paini aliyoitoboa mwanzo. Na tundu lililozibwa juu juu kwenye mbao ya nje hupenyeza maji ya mvua, yakakaa ndani ya njia ile ndefu, na baada ya masika moja au mawili mbao inaoza kutoka katikati.

Rangi, ndiyo dawa yenyewe

Rangi ya mafuta iliyoshika vizuri hufunga mbao kwa ganda gumu, na nyuki hupita akatafute pengine. Vanishi husaidia kidogo kuliko rangi na huchubuka upesi kwa jua la pwani. Ukiitumia, uwe tayari kuirudia kila mwaka. Mafuta ya kitani, na hata sifa, yaani mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, huilinda mbao isipasuke lakini hayaachi ganda la kumzuia mdudu.

Fanya kazi hii wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mbao zikiwa kavu. Rangi iliyopakwa juu ya mbao yenye unyevu wa masika huvimba na kubanduka vipande vipande. Osha kwanza chumvi kwa maji baridi na kitambaa, acha ikauke siku mbili, piga msasa namba 80 halafu 120, paka rangi ya kwanza, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, kila mkono ukikauka saa 24 kabla ya unaofuata.

Hesabu yake si ngumu. Mbao 20 za inchi 2 kwa 4, kila moja mita tatu, zina eneo la karibu mita mraba 18 ukizungusha pande zote nne. Kwa mikono miwili ni mita mraba 36, na lita moja hufunika kama mita mraba 10, kwa hiyo kopo moja la lita nne linatosha.

Pande zote nne, narudia. Fundi akisimama chini hupaka anachokiona. Panda ngazi utazame upande wa juu wa mbao, nyuma ya fremu, mahali mbao mbili zinapokutana, na hasa ncha iliyokatwa kwa msumeno: mara nyingi utakuta mstari wa mbao tupu wa upana wa kidole, rangi imeishia hapo, na tundu limetobolewa katikati ya mstari huo. Ncha zipakwe mara tatu, maana hunywa rangi. Kwa nyumba mpya, paka mbao zikiwa bado chini kabla ya kupigiliwa.

Milango ya kunakshiwa na mbao za nyumba za kale zina utaratibu wake. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mlango wa nakshi uliopakwa rangi ya mafuta umeharibiwa zaidi kuliko ambavyo nyuki angeuharibu. Ukiona tundu kwenye mlango kama huo usitoboe wala usipake kitu. Nenda Makumbusho ya Lamu kwanza, uwaulize watu wa uhifadhi.

Akikuuma

Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10. Maumivu na uvimbe wa mahali pale ni kawaida. Midomo au ulimi ukivimba, vipele vikienea mwilini, kifua kikibana au kizunguzungu kikimshika aliyeumwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Aliye visiwani Pate au Kiwayuu asingoje aone itakuwaje. Chombo kitafutwe mara moja.

Wape mahali pao

Shambani nyuki huyu ni wa thamani. Ua la pasheni ni kubwa mno kwa nyuki wa asali, ambaye hulamba nekta bila kugusa chavua ipasavyo. Nyuki seremala kwa mwili wake mpana hulichavusha vizuri. Biringani na nyanya huzitikisa kwa mvumo wake mpaka chavua imwagike, na mbaazi na kunde huzitembelea pia. Mwenye shamba kule Hindi au Mpeketoni, huku Lamu, au Gede upande wa Malindi anapoteza akiwamaliza.

Kwa hiyo ukishapaka rangi nyumba, tundika gogo kavu la mwembe, urefu wa mita moja na unene wa sentimita 15, mbali na nyumba na karibu na mazao. Lilale mlalo, kivulini, kimo cha kifua. Upande wa chini toboa vianzio vitano kwa keekee ya milimita 13, kina cha sentimita tatu, vikiachana sentimita 20. Au funga pamoja vipande vya mwanzi vya sentimita 25, vyenye fundo upande mmoja na tundu la milimita 12 hadi 18 upande mwingine, midomo ikielekea kaskazini ili mvua za kusi zisiingie. Usipake kitu chochote, wala usitie dawa karibu. Gogo likianza kuoza, tundika jipya ubavuni mwake na uliache la zamani miezi mitatu zaidi, mpaka watoto waliomo watoke, kabla ya kulishusha.